Ndege wa Sekunde Nane

Siku ya tatu ya msiba wa Bi Tausi nilikuwa nimekaa mkekani na wanawake wenzangu, nachambua mchele wa shughuli, mgongo nimeuegemeza ukutani chini ya dirisha. Nje ya dirisha hilo wanaume walikaa chini ya turubai. Ukikaa mahali pale huhitaji kutega sikio, maneno yanakufuata yenyewe. Mzee mmoja aliuliza wageni wa Kagunga wataondoka saa ngapi, maana walikuja kwa boti na yeye mbingu ya alasiri ile haikumpendeza. Sauti ya kijana ikamjibu kwa upole, "Usiwe na wasiwasi, mzee wangu. Nimetoka mwaloni kwenye boti sasa hivi, ndege weupe wametulia juu ya maji. Ndege wakitulia, upepo hauji. Wazee wetu walishasema." Nikasikia wanaume wawili watatu wakiitikia: ndivyo, ndivyo, wazee walishasema. Mchele ukanimwagikia mapajani. Jirani yangu akadhani ni uchungu wa msiba, akanishika bega na kuniambia nijikaze, kila nafsi itaonja mauti. Nikamwacha aamini hivyo. Lakini wazee hawakusema. Ndege hao niliwachora mimi, nikiwa na miaka ishirini na miwili, katika chumba kilichokuwa mbele yangu, ng'ambo ya ua, ambamo sasa walikuwa wamerundika masufuria ya kuazima.

Mtu mwingine aliyelijua jambo hili lote alikuwa Bi Tausi, na tulikuwa tumemzika juzi yake. Zuberi, mwanawe, alilijua nusu. Alikuwa amekuja kwa ndege kutoka Dar es Salaam, mvi zimemtangulia, na tangu afike tulikuwa tumepeana mkono mara moja na kuulizana habari za watoto. Watu wanashangaa tulivyo wakavu, kwa sababu wale wa zamani wa Ujiji wanakumbuka kwamba kuna mwaka tulikuwa hatuachani, sisi wawili na Leonsi. Wengine walisema kati ya hao wanaume wawili mmoja atanioa, na walikuwa wanabishana ni yupi. Mimi mwenyewe sikuwa na nafasi ya kuwaza mambo hayo. Tulikuwa tunatengeneza mchezo wa kompyuta.

Nilikuwa naandika mabango, kazi ninayoifanya mpaka leo. Siku Zuberi aliponipata nilikuwa juu ya ngazi, nachora mgebuka kwenye ukuta wa mgahawa. Akasimama chini kwa muda mrefu mpaka nikamuuliza kama amepotea. Akasema, "Dada, unaweza kumchora huyo samaki mara kumi na mbili, kila mara mkia umegeuka kidogo tu?" Nikamwambia kichaa kina dawa siku hizi. Alikuwa amerudi kutoka chuoni na kompyuta mbili mbovu, na fundi redio mmoja wa sokoni, Leonsi, mtu wa Kasulu, alikuwa ameziunganisha zikawa moja nzima, au tuseme moja yenye subira. Michezo tuliyoijua wakati ule ilikuwa ya magari ya kigeni na askari wa kigeni. Zuberi alitaka mchezo wa kwetu: unakabidhiwa boti kule Kagunga, kaskazini mwa ziwa, na abiria na magunia ya dagaa, unaileta mpaka gati ya Kibirizi karibu na mjini. Wewe ndiye unayeamua uondoke lini, uambae na nchi au ukate katikati, uegeshe wapi mambo yakiharibika. Mchezo wenyewe aliuita *Nahodha*. Nilishuka kwenye ngazi siku ile ile.

Chumba alichotupa Bi Tausi kilikuwa ghala la mawese enzi za mumewe, na sakafu ilikuwa imekunywa mafuta kiasi kwamba ukivua viatu nyayo zinageuka rangi ya machungwa. Harufu ile ilinata kwenye nguo. Mpaka leo nikifungua dumu la mawese naisikia feni ya kompyuta ikilalamika. Kwa sababu ya vumbi la Ujiji, Bi Tausi aliitundikia mashine chandarua, hivyo kazi yote tuliifanya tukiwa tumeingiza vichwa ndani, watu watatu chini ya neti moja mchana kweupe. Alhamisi aliingia na chetezo cha ubani akafukiza kila pembe, na kompyuta nayo akaipitia, nyuma na mbele. "Nayo inalala nyumbani kwangu," alisema, "sijui ina nini ndani." Leonsi alikuwa anafumba macho na kumwambia moshi unaiunguza, lakini hakuthubutu kumzuia. Yeye ndiye Bi Tausi aliyempenda kuliko sisi wote. Asubuhi aliingia akisema "Bwakeye, mama" kwa Kiha chake cha mlimani, na mama wa watu, aliyejifanya hajui Kiha kwa vile wazee wake walitoka Pwani, alikuwa anamjibu vizuri kabisa. Saa saba alituletea ugali wa muhogo na migebuka kwenye mchuzi wa mawese, sinia moja. Leonsi alipewa kichwa cha samaki kila siku. Zuberi alilalamika kwamba mtoto wa nyumba anakula mkia, na mama yake akamwambia, "Wewe mtaalamu, nenda kakile kichwa cha hiyo kompyuta yako."

Ziwa lenyewe hatukulijua. Mimi nilizaliwa nikiliona na sikuwahi kuvuka ghuba. Leonsi aliyaogopa maji waziwazi. Alisema kwao maji yanakaa kwenye ndoo, yakitaka kwenda mahali yanabebwa. Kwa hiyo tulimtafuta Nahodha Nasibu, jirani wa nyumba ya tatu, ambaye alikuwa ameendesha boti za Kagunga tangu kabla sisi hatujazaliwa. Mtu mfupi, mkimya, anayekaa pembeni ya kiti kana kwamba kiti kimeazimwa. Alitueleza mawimbi ya kila mahali, mawe yaliko, mahali ambapo mto unatoa maji ya baridi. Tulipofika kwenye upepo mkubwa, ule unaotoka ng'ambo kwenye milima ya Kongo, Zuberi akashika kalamu na kumuuliza dalili zake ni zipi. Nahodha akafikiri. Akasema kuna siku utaona wingu na kuna siku hutaona. Kuna siku maji yanabadilika rangi na upepo usije. "Huo haupigi hodi," akasema. Zuberi akamsisitiza kwamba kompyuta haiwezi kuandikiwa hivyo, lazima kuwe na kitu. "Basi andika kwamba nahodha anaogopa," akajibu. "Akiogopa, anakaa." Tulicheka kwa heshima. Zuberi hakuandika neno hata moja.

Wajaribu mchezo wetu walikuwa wavuvi wa dagaa. Huku kwetu, mwezi ukiwa mkubwa karabai hazina kazi, dagaa hawafuati taa palipo na mwanga mwingine, kwa hiyo mitumbwi inapumzika siku kadhaa na vijana wanabaki na mikono mitupu. Siku hizo ua wa Bi Tausi ulijaa. Walikuja asubuhi wakipokezana kibodi, wengine wakitoka hata Kagunga wakiwa wamekuja mjini kutengeneza injini, na kelele zao zilifika msikitini. Walikuwa wanatukosoa bila huruma. Boti yangu ya kwanza waliipa jina la "beseni". Lakini walicheza, na walikuwa wanarudi, na mimi nilikuwa nalala nikiona boti yangu inakwenda nikifumba macho. Furaha kama ile sijaipata tena kazini na sitadanganya kwamba nimeipata.

Tatizo lilikuwa upepo. Kompyuta yetu haikuwa na nguvu. Dhoruba ilipofika zamu yake, mashine ilihitaji sekunde nane kuyakusanya mawimbi makubwa yote niliyoyachora, na kwa sekunde hizo nane picha iliganda. Boti imesimama, maji yamesimama, mchezaji anabonyeza kwa hasira. Zuberi alijaribu kila njia wiki tatu mpaka akakonda. Mwishowe akaniambia, "Zena, nipe kitu kidogo, chepesi, cha kupita machoni mwa watu wakati inavuta pumzi." Nilikuwa na mchoro wa ndege mweupe kwenye daftari, mistari minne tu. Nikamchora mara sita, mabawa juu, mabawa chini. Tukaweka kundi la ndege limetulia juu ya maji safari nzima. Mashine inapoanza kukusanya dhoruba, ndege wanaruka wote kwa pamoja kuelekea nchi kavu. Sekunde nane. Kisha upepo unapiga. Ilipendeza mno. Leonsi alishika kichwa kwa mikono miwili, akacheka, akaniita fundi. Hivyo ndivyo walivyozaliwa. Hawakutoka kwa wazee wala hawakutoka ziwani, walitoka kwenye ubovu wa kompyuta.

Mbalamwezi iliyofuata wavuvi walikuja, na haikuwachukua hata nusu siku kugundua. Ndege wakiruka, kata kona, ingia nchi kavu. Wasiporuka, songa mbele. Ghafla watu walianza kufika Kibirizi. Ua ulilipuka kwa shangwe. Bwana Hasani, mwenye ukumbi wa gemu wa Kigoma mjini, alikuja siku hiyo kutazama, na akasema sasa mchezo una adabu, unakupa taarifa, wateja wake watarudi. Aliutaka kabla ya Idi, kwa sharti la sauti za kweli: injini, mawimbi, watu wa gatini. Alichukua nakala ya majaribio palepale kwenye sidii ili, alivyosema, wateja waanze kuzoea. Hakuna aliyeona ubaya. Nikiwa nakunywa chai mlangoni niliwasikia wavuvi wawili wakitoka, mmoja akimwambia mwenzake, "Lakini ni kweli, bwana, hata mimi nimewahi kuwaona wakiruka." Mwenzake akasema naye amewahi. Nilijisikia fahari.

Nahodha Nasibu alikuja Ijumaa baada ya swala. Alikalia kiti chake kwa pembeni, akauchungulia mchezo ndani ya chandarua, akaona boti inatoka Kagunga. Ndege walipoinuka akauliza hao wametoka wapi. Zuberi akamweleza habari ya sekunde nane, kitaalamu, kwa maneno mengi. Mzee akamsikiliza hadi mwisho. "Watoe," akasema. Zuberi akamwambia ni mchezo tu. "Mimi sichezi huko. Hao vijana waliojaa hapa nawabeba na wananibeba. Watoe hao ndege." Zuberi akasema, "Sawa, nahodha, tutawatoa," kwa sauti ile tunayowapa wazee ili waende zao. Baadaye, kupitia pazia, nilimsikia akizungumza na Bi Tausi uani. "Watoto wako wamelipatia ziwa mdomo," alimwambia. Bi Tausi akasema watoto wanajitafutia riziki, na wana akili. "Wana akili sana," Nahodha akakubali, kisha nikasikia kikombe kikiwekwa chini. Hatukuwatoa. Tukiwatoa picha ingeganda, na Idi ilikuwa wiki tatu mbele.

Aliyekwenda Kagunga kurekodi sauti alikuwa Leonsi, kwa sababu redio ya kaseti ilikuwa yake na asingeiamini mikononi mwa mtu. Yule yule aliyeogopa maji. Lakini kufikia wakati ule alikuwa ameucheza mchezo wetu kuliko binadamu yeyote. Miezi minane kila siku alikuwa anaipeleka boti ile Kibirizi akijaribu spika zake. Asubuhi ya kuondoka nilimwona akipanda boti ya Nahodha Nasibu bila kushikwa mkono. Alinyoosha kidole kwenye maji akanipigia kelele, "Zena, wale pale ndugu zako!" Kweli, kulikuwa na ndege weupe wachache karibu na nguzo za gati. Nilimpungia. Bi Tausi alikuwa amemfungia maandazi kwenye kitambaa, na yeye alikuwa ameanza kula kabla boti haijasukumwa.

Alikaa Kagunga siku mbili. Siku ya tatu, baada ya adhuhuri, simu ya Bi Tausi ililia. Ilikuwa simu moja ya nyumba nzima, na ilikaa dirishani kwa sababu mtandao ulishika hapo tu. Zuberi alikuwa ametoka. Nikapokea. Leonsi alikuwa amepanda kilimani kutafuta mtandao na alikuwa anahema. "Nimepata sauti zote," akasema. "Hata mama mmoja anamgombeza mbuzi wake, nimemweka." Nikamwambia afanye haraka, Bwana Hasani anakuja kesho. "Ndiyo shida. Nahodha amegoma kutoka. Anasema tulale. Nikimuuliza sababu anasema hajui, mwili wake haujataka. Lakini kuna boti ya vijana inaondoka sasa hivi, wale wanaokuja kwetu kucheza." Akaendelea, "Natazama ziwa hapa, Zena. Ndege wamejaa juu ya maji. Wametulia tuli." Nikamwambia, "Kama ndege wametulia unangoja nini? Njoo." Kwa miaka mingi nimejaribu kujishawishi kwamba nilisema kwa mzaha. Sikusema kwa mzaha. Nilikuwa nimewatazama ndege wale wakisema kweli mara elfu kwenye kioo, na kwa dakika ile niliwaamini, mimi niliyewachora.

Nilipogeuka, Bi Tausi alikuwa nyuma yangu na ungo mkononi. Aliniuliza Leonsi anasemaje. Nikasema anakuja. Alinitazama kitambo, akarudi jikoni. Alikuwa amenunua kichwa cha kuhe, samaki mkubwa, akakiweka kwenye mchuzi peke yake. Yapata saa kumi pazia la mlangoni likainuka lote likagonga dari. Bati la jikoni likaanza kupiga. Nilikimbia mpaka mahali unapoliona ziwa kati ya nyumba, na ziwa lilikuwa limegeuka jeupe kutoka huku mpaka kule. Mbele ya weupe ule, karibu na ufukwe, ndege walikuwa bado juu ya maji. Walikuwa wanapanda na kushuka na mawimbi. Hawakuwa wameruka hata mmoja.

Boti ilikuwa na watu wanne. Aliyerudi ni mmoja, kijana wa Kagunga aliyelala kifuani juu ya dumu tupu la mawese mpaka maji yakamtupa kwenye mchanga kesho yake. Aliwaambia waliomwokota, "Upepo ulitukuta ndege wako pale pale." Alisema wazi, na watu walimsikia. Lakini neno hilo halikusafiri, watu walidhani anaweweseka. Miili miwili ilipatikana. Wa Leonsi haukupatikana, wala redio yake. Nahodha Nasibu naye aliingia Kibirizi kesho yake hiyo hiyo akiwa salama, akapita mbele ya nyumba ya Bi Tausi, akamsalimia juu ya ukuta wa ua na kumpa pole. Hakuingia. Miaka yote iliyobaki ya uhai wake hakuingia tena katika nyumba ile, na hakuwahi kunitajia ndege. Afadhali angenitukana.

Baba yake Leonsi alikuja kutoka Kasulu, mkulima mwenye koti zito, amebeba ndizi kana kwamba anakuja kutembelea. Walimkalisha katika chumba chetu kwa sababu ndicho kilichokuwa na kitanda cha ziada. Alitazama kompyuta chini ya chandarua akauliza kama hiyo ndiyo kazi aliyokuwa anaifanya mwanawe, Zuberi akasema ndiyo, mzee akatikisa kichwa kwa heshima. Kisha akauliza, "Nani alizungumza naye mara ya mwisho? Nataka tu kujua alisema nini." Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia ya chai. Nilifungua mdomo, na kabla ya sauti kutoka Bi Tausi akasema, "Alipiga kwenye simu yangu, mzee wangu. Mtandao haukushika vizuri. Nilichosikia ni kwamba anawasalimu wote." Yule mzee alishukuru kwa muda mrefu. Deni langu kwa Bi Tausi lilianzia hapo, asubuhi ile, jua linawaka. Jikoni Bi Tausi aliniambia maneno haya tu: "Ukimwambia, hatampata mwanawe. Atakupata wewe." Tangu siku hiyo hakulitaja, wala mimi. Nilimpelekea samaki kila Ijumaa hadi alipofariki, na alikuwa akinipokea vizuri, ila macho yake hayakuwahi kunisahaulisha simu ile.

Zuberi alifuta kila kitu kwenye mashine, akaiuza vipande vipande, akapanda treni. Alidhani kosa ni la sekunde nane, kwa hiyo ni lake. Nilimwacha alichukue. Tuliamini tumeuzika mchezo, na tukasahau sidii ya Bwana Hasani. Alikuwa ameinakili kwenye kompyuta zake zote, na wateja waliicheza bila sauti kwa miaka, mpaka kompyuta zenyewe zilipokufa. Wachezaji walikua. Baadhi yao walikwenda ziwani.

Sasa narudi mkekani. Niliweka ungo chini, nikasimama, nikatoka nje kwa wanaume, jambo ambalo halifanywi, na mazungumzo yakakatika. Kijana mwenye sauti ile nilimfahamu: Shabani, nahodha wa Kagunga, boti yake niliiandika jina mwaka jana. Akainuka. "Shikamoo, Mama Rangi. Pole na msiba." Nikaitikia, nikamwambia asiondoke leo kwa kuwategemea ndege, kwa sababu usemi ule si wa wazee, ni mchoro wangu wa mchezo wa zamani. Alitabasamu, tabasamu la kumhurumia mtu mzima aliyechoka. "Mama, hilo ni jambo la siku nyingi. Baba yangu alitusimulia. Kulikuwa na mtu mmoja wa Kasulu, Leonsi, alizama kwa sababu alikuwa mtu wa milimani. Hakuwatazama ndege."

Nilimwona Zuberi akiinua uso mwishoni mwa jamvi. "Aliwatazama," nikasema. "Alinipigia simu kutoka kilimani akaniambia wametulia, na nahodha wake amekataa kutoka. Mimi ndiye niliyemwambia aje." Nikaendelea mpaka mwisho, simu, sinia, uongo aliobeba marehemu kwa ajili yangu, mbele ya watu waliokuja kumwombea. Zuberi alikuwa analia bila kujifuta. Shabani alikuwa amegeuza kikombe chake mara nyingi mkononi. "Sasa bila ndege," akauliza, na safari hii hakuwa anatabasamu, "mtu atajuaje?" Nikamwambia hatajua. Nahodha Nasibu naye hakujua, ndiyo maana alilala.

Nadhani wageni wa Kagunga walilala kwetu siku ile kwa aibu zaidi kuliko kwa kuniamini. Wanawake wao walinung'unika kwamba wameacha watoto na kuku. Zuberi alikuja kukaa karibu nami, akanimiminia chai, na tukaangalia ziwa kwa pamoja, kati ya nyumba, pale pale. Tulingoja. Nitasema ukweli kwa mara nyingine kwa sababu nimeshaanza: niliomba upepo uje. Uje mkubwa, upige bati, waone. Haukuja. Saa kumi ikapita, saa kumi na moja, jua likazama nyuma ya Kongo, na maji yalikuwa laini mpaka unaona kila mtumbwi mara mbili.

Asubuhi nilikwenda Kibirizi kuwaaga. Wageni walikuwa wameshapanda, na Shabani alikuwa anajaza mafuta kwenye injini. Aliponiona alinisalimia kwa adabu zote, akafuta mikono, akanisogelea ili wengine wasisikie, maana hakutaka kuniaibisha. "Umeona, mama?" akasema taratibu. "Jana ndege walikuwa sahihi." Kisha akasukuma boti, akaruka ndani. Nilisimama mwaloni mpaka sikuweza kuiona. Ndege walikuwa wengi asubuhi ile, weupe, wametulia juu ya maji.